Kutoka Njia za Panya hadi Soko la Gizani: Biashara ya Bangi Migori na Homa Bay

Mwaka 1886 wajumbe wa Uingereza na Ujerumani walikubaliana juu ya mstari. Ulianzia ufuko wa mashariki wa Ziwa Nyanza, pale digrii moja kusini mwa ikweta inapokutana na maji, ukanyooka kuelekea Bahari ya Hindi, ukapinda tu ili kuuacha Kilimanjaro upande wa Wajerumani. Waliouchora hawakuwa wamekanyaga Isebania wala Muhuru, ambako ulipita. Koo za Wakuria kama Abairege na Abakira zikajikuta na ndugu huku na ndugu kule. Waluo wa mwambao wakabaki na mashemeji ng'ambo ya maji. Polepole, mzigo uleule uliokuwa ukipelekwa kwa mjomba ukageuka, machoni pa serikali, kuwa mzigo wa magendo.

Makala haya yanaufuata mzigo mmoja tu, bangi, katika nchi iliyoitwa Nyanza Kusini na ambayo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay. Kisha yanautazama mzigo huohuo ukiuzwa kwenye masoko ya siri ya intaneti, yale ambayo magazeti huyataja kwa hofu kana kwamba ni jambo lisilo na babu. Swali langu ni moja kote: watu wanaofanya biashara ambayo hawawezi kuipeleka mahakamani, wanaaminianaje? Na imani hiyo ikivunjika, nani hulipa?

Bangi haikuletwa na wakoloni. Mmea huu uliingia Afrika Mashariki kutoka Asia kupitia Bahari ya Hindi, karne nyingi kabla ya meli ya kwanza ya Mreno, na kutoka pwani ukapanda bara pamoja na misafara. Huko Lalibela, Ethiopia, wachimbuzi walipata vichwa vya kiko vyenye mabaki ya bangi vinavyokadiriwa kuwa vya karne ya 14. Katika maeneo mengi ya bara ilivutwa kwa kiko cha maji kilichotengenezwa kwa kibuyu. Waluo huiita njaga, jina lenye ndugu zake Uganda, na hilo linatosha kutuonyesha kwamba ziwa lilikuwa njia yake kabla ya kuwa mpaka. Katika zama hizo ilikuwa mmea wa uani, wa wazee na waganga, na hakuna aliyehitaji kuuficha.

Kilichoigeuza kuwa bidhaa ya siri ni sheria. Katika Himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza, marufuku yalianza kutumika Januari 1914 chini ya sheria ya afyuni. Ilikuwa sheria ya kuazima: ilitungwa kwa hofu za mbali, afyuni ya China na India, kisha ikamwangukia mkulima wa Nyanza. Mwaka huohuo, Septemba, vita vilifika hapa penyewe. Wajerumani waliingia Kisii kwa muda mfupi, na meli ya Waingereza, Winifred, ikakutana na chombo cha Wajerumani katika ghuba ya Karungu. Serikali iliyokuwa ikihangaika kuishika Kisii haikuwa na askari wa kuchungulia bustani za watu.

Mwaka 1925 mkutano wa Geneva uliiongeza bangi katika mkataba wa kimataifa wa afyuni, kwa msukumo mkubwa wa ujumbe wa Misri, na marufuku ya koloni yakapata uzito wa dunia. Lakini vijijini sheria ilikuwa na uso wa chifu. Sheria za mamlaka ya wenyeji, ile ya 1912 na iliyoifuata mwaka 1937, zilimpa chifu uwezo wa kuzuia kilimo cha mimea iliyohesabiwa kuwa na madhara. Upande wa Homa Bay kulikuwa na sauti ya pili. Waadventista Wasabato walifungua misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wakahubiri dhidi ya pombe na tumbaku kwa ukali ambao wenyeji hawakuwa wamewahi kuusikia. Paul Mboya, mwandishi wa kitabu maarufu cha mila za Waluo kilichotoka mwaka 1938, alikuwa mchungaji wa kanisa hilo na pia chifu wa Karachuonyo. Mtu aliyevuta njaga katika nchi yake alikuwa na kosa la serikali na dhambi ya kanisa, na mwamuzi wa yote mawili angeweza kuwa mtu mmoja. Hapo ndipo mmea wa uani ulipoanza kulimwa katikati ya mahindi.

Miundombinu ya biashara ilijengwa kwa ajili ya mambo mengine. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Meli za ziwani zikaanza kutia nanga Kendu Bay, Homa Bay na Karungu kuchukua ngozi, ufuta na pamba. Machimbo ya dhahabu na shaba ya Macalder, huko Nyatike, yakakusanya vijana wenye mishahara mbali na wazee wao. Baadaye kampuni za tumbaku zikawafundisha wakulima wa Kuria na Uriri kukausha majani kwa mkataba, na kiwanda cha sukari cha Awendo, kilichoanzishwa miaka ya 1970, kikafunika vilima vyake kwa miwa. Sisemi kwamba tumbaku au miwa iliizaa bangi. Nasema kwamba mkulima aliyezoea kungoja malipo yanayochelewa, na kuona pesa zake zikikatwa gharama za mbegu na mbolea kabla hazijafika mkononi, alikuwa anaijua vizuri thamani ya mnunuzi anayelipa taslimu shambani.

Kipindi ambacho kwangu ndicho moyo wa historia hii ni miaka sita na miezi kadhaa, kuanzia Februari 1977 hadi Novemba 1983. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na Isebania, iliyokuwa mahali pa kupita, ikawa mwisho wa barabara. Ng'ambo, Tarime na Musoma, bidhaa za kawaida ziliadimika: sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, nguo. Huku Migori zilijaa madukani. Mpaka uliofungwa kwa lori ulikuwa wazi kwa miguu, kwa baiskeli, kwa punda na kwa mtumbwi. Zikazaliwa upya njia za panya, nyingine zikipita katikati ya boma ambalo jiko lake lilikuwa Kenya na zizi lake Tanzania.

Biashara hiyo ilikuwa na kanuni zake. Mwenye duka wa Migori alimpa mchukuzi mali kauli: chukua sabuni hizi, ukiuza utaleta pesa. Hapakuwa na karatasi, kwa kuwa karatasi ilikuwa ushahidi. Dhamana ilikuwa undugu. Mchukuzi alikuwa mtoto wa dada, au mtu aliyetahiriwa pamoja na kaka yako, au mkwe ambaye ng'ombe wa mahari yake walikuwa bado wanadaiwa. Akikimbia na mali, hakukimbia peke yake. Alikimbia na jina la ukoo wake, na mtu wa ukoo huo asingepewa tena hata kipande cha sabuni. Waliokuwa wakivusha ng'ombe walikuwa na mtandao uleule. Machi 1983 serikali ya Mwalimu Nyerere, Waziri Mkuu wake akiwa Edward Sokoine, ilianzisha msako mkali dhidi ya wahujumu uchumi, na watu wakamwaga mali mitoni wasikamatwe nazo. Miezi michache baadaye mpaka ulifunguliwa, na sabuni ikarudi kuwa sabuni.

Lakini njia hazikufungwa, wala watu waliozijua hawakusahau. Sabuni ilipokosa faida, kilichobaki chenye faida ni kile ambacho sheria za nchi zote mbili zilikuwa zimekikataza. Ndiyo maana sioni busara kuiandikia bangi ya mpakani historia yake peke yake, kana kwamba ilianzishwa na watu waovu waliotokea siku moja. Ilirithi vijia, mitumbwi, wakwe na mali kauli ya enzi za uhaba.

Pamoja na vijia ilirithi pia bunduki. Vijana wengi wa Kikuria wa Tanzania walikuwa jeshini wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na baada ya vita hivyo wizi wa ng'ombe wa mishale ukawa wizi wa risasi. Hali iliwachosha watu hadi mwaka 1998, Wakuria wa upande wa Kenya walipounda sungusungu wao, kikundi cha ulinzi cha wananchi, kwa mfano wa majirani wa Tanzania, chini ya iritongo, baraza la jadi la jamii. Mwanaanthropolojia Suzette Heald ameandika kwa kina jinsi walivyofanikiwa kuupunguza wizi huo, na jinsi mbinu zao zilivyokuwa kali mno. Ninalitaja hilo kwa sababu linaonyesha wazi kwamba watu wa mpakani hawakuwa watu wasio na sheria. Walikuwa na mahakama yao, na mahakama hiyo iliamua kuushughulikia wizi wa ng'ombe kwa sababu ng'ombe aliyeibwa alikuwa na mwenyewe anayelia. Gunia la bangi halina mlalamikaji.

Serikali nayo ilikuwa imekwisha kubadili silaha zake. Baada ya mkataba wa Vienna wa 1988, Kenya ilipitisha mwaka 1994 sheria mpya ya mihadarati: kwa ulanguzi, faini ya shilingi milioni 1 au mara 3 ya thamani ya mzigo, ipi iliyo kubwa, na juu yake kifungo cha maisha. Tanzania ilipitisha yake mwaka 1995, ikaibadilisha mwaka 2015, na maafisa wake wamekuwa wakifyeka mashamba ya Tarime na bonde la Mto Mara. Sheria ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2022, ikampunguzia anayekutwa na bangi ya matumizi yake hadi kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Kabla ya hapo, Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alikuwa ameomba mwaka 2018 kuleta mswada wa kuiruhusu. Alifariki mwaka uliofuata. Katika uchaguzi wa 2022 George Wajackoyah aliifanya bangi kuwa sera ya urais.

Mjadala wa Nairobi ulikuwa wa kelele. Barabara ya Isebania hadi Migori, Awendo, Rongo na Kisii iliendelea na kazi yake. Mambo mawili ndiyo yaliyoibadilisha biashara zaidi ya hotuba zote. Machi 2007 ilizinduliwa M-Pesa, na pesa zikaacha kusafiri na mchukuzi. Mwaka uliofuata serikali iliondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, na bodaboda zikaenea kila kijia. Mwenye mali sasa angeweza kukaa mjini, asiione bangi yake kwa macho, akamtuma kijana ambaye hata jina la babake hajui. Hapo undugu ulianza kulegea. Mnyororo ambao zamani ulikuwa na nyuso ukawa na namba za simu.

Nadhani ni muhimu kulishika hilo kabla ya kuingia kwenye intaneti, kwa sababu soko la gizani ni hatua ya mbele zaidi katika mwendo huohuo: kuuza kwa mtu usiyemjua kabisa.

Inasimuliwa kwamba miongoni mwa mauzo ya kwanza kabisa yaliyopangwa kwa kompyuta zilizounganishwa ni ya bangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kati ya wanafunzi wa vyuo vya Stanford na MIT huko Marekani. Walikuwa wanafahamiana, kwa hiyo halikuwa jambo kubwa. Soko la watu wasiojuana lilingoja mambo mawili. La kwanza ni Tor, programu inayopitisha mawasiliano katika kompyuta kadhaa, kila moja ikijua jirani zake tu, hata anayetazama asiweze kujua nani anazungumza na nani. Mizizi yake iko katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, na hadi leo waandishi wa habari na watetezi wa haki huitumia kujilinda. La pili ni Bitcoin, sarafu ya kidijitali iliyoanza mwaka 2009, isiyopitia benki.

Februari 2011 Ross Ulbricht, kijana wa Texas, aliviunganisha viwili hivyo akafungua Silk Road. Kuuza dawa ilikuwa hasa kazi ya wengine. Yeye aliuza imani. Pesa za mnunuzi zilikaa kwanza kama amana mikononi mwa soko, mpaka mzigo ufike kwa posta. Kila muuzaji alipewa alama na maoni na wateja wake, na sifa hiyo ikawa mtaji wake mkubwa. Kukiwa na ugomvi, wasimamizi walisuluhisha. Mtu wa Isebania wa mwaka 1980 angeutambua mpango huu mara moja: amana badala ya mahari inayodaiwa, alama badala ya jina la ukoo, wasimamizi badala ya wazee. Kilichokosekana ni ukoo wenyewe, yaani watu ambao wangeendelea kuwepo hata biashara ikifa.

Na pengo hilo ndilo lililoyaangamiza masoko haya moja baada ya jingine. Ulbricht alikamatwa katika maktaba ya umma huko San Francisco, Oktoba 2013. Akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2015 na kuamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 183, kisha Rais Trump akamsamehe Januari 2025. Mwaka 2015 wenye soko la Evolution walifunga mlango na kutoweka na amana za wateja, na wateja hawakuwa na mjomba wa kumwendea. Mwaka 2017 AlphaBay, lililokuwa na wauzaji 40,000, lilizimwa, na wateja wake wakakimbilia Hansa bila kujua kwamba polisi wa Uholanzi walikuwa wameshalitwaa na kuliendesha kwa takriban mwezi mzima, wakiandika anwani zao. Mwindaji alijua kwamba windo likifukuzwa pale litakimbilia hapa.

Lililonigusa zaidi ni Hydra, soko la Kirusi lililoanza mwaka 2015 na kuzimwa na polisi wa Ujerumani Aprili 2022, likiwa na akaunti za wateja zipatazo milioni 17. Hydra halikutegemea posta. Vijana waliajiriwa kuficha vifurushi mjini, chini ya jiwe, nyuma ya bomba, kisha mnunuzi akapelekewa maelezo ya mahali. Wenye maduka walijificha nyuma ya usimbaji fiche. Kijana wa kuficha alikuwa barabarani, na mwili wake, na mzigo mfukoni. Magereza ya Urusi yalipokea vijana wa aina hiyo kwa wingi. Teknolojia yote ile, na bado mtu mmoja alibaki ambaye hawezi kufichwa, naye ndiye maskini kuliko wote.

Tukirudi Migori, swali ambalo vijana wanaliuliza ni kama soko la gizani limefika huku. Jibu langu ni kwamba bangi ya Kuria hailihitaji. Ni mzigo mkubwa, wenye harufu, wenye bei ndogo kwa kila kilo. Haukai kwenye bahasha. Hata duniani, Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka 2021 kwamba masoko ya gizani huuza dawa za dola milioni 315 hivi kwa mwaka, sehemu ndogo sana ya biashara yote. Masoko hayo yanafaa kwa dawa za unga na vidonge, vitu vidogo vya bei kubwa, na nchi zenye posta inayofika mlangoni. Kinachofika hapa ni mabaki ya mbinu za masoko hayo: makundi ya siri kwenye simu, keki na biskuti zenye bangi zinazouzwa kwa vijana wa mijini, malipo ya simu, mwendesha pikipiki anayepeleka kifurushi bila kuambiwa kilichomo. Wazazi wa Rongo na Oyugis wana haki ya kuogopa hilo kuliko Tor.

Ziwani hali ni ya zamani zaidi. Muhuru, Sori, Sindo, Mbita, visiwa vya Remba na Ringiti: mtumbwi wenye injini huondoka usiku kwa sababu samaki huvuliwa usiku, na askari hawezi kupekua kila mtumbwi unaorudi na omena alfajiri. Kila doria inapokazwa barabarani, mzigo huteremka majini. Ikikazwa majini, hupanda barabarani.

Na anayekamatwa? Rufaa zilizosikilizwa katika Mahakama Kuu ya Migori zinawarudia watu walewale: dereva, utingo, mwendesha bodaboda, abiria aliyekaa karibu na begi. Hakimu husikia ushahidi wa uzito, wa mkemia wa serikali na wa thamani. Mwenye mali hatajwi kwa jina, mara nyingi kwa sababu mshtakiwa kweli hamjui. Mwaka 1980 mchukuzi aliyekamatwa angalau alikuwa na mjomba Migori aliyewajibika kulisha watoto wake. Wa leo ana namba ya simu iliyozimwa. Ninaamini hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika historia hii, na limepita bila kuandikwa.

Lingeweza kuandikwa. Mafaili ya kesi za bangi za Kehancha, Migori na Homa Bay, tangu enzi za Nyanza Kusini, ndiyo hazina pekee inayotaja wachukuzi kwa umri, kijiji, kazi na njia waliyopita. Sheria ya uondoaji wa kumbukumbu inaruhusu mahakama kuyateketeza mafaili ya zamani baada ya muda. Kabla ya orodha nyingine ya mafaili ya kuteketezwa kuidhinishwa, tawi la Hifadhi ya Nyaraka la Kisumu na vyuo vikuu vyetu viwili vya jirani, Rongo na Maseno, vinapaswa kuyaomba, kuyafichia majina ya watu binafsi, na kuyapa wanafunzi wa historia wayasome.